KAYE YA VIPIMO SI KARATASI YA BURE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani, leo ukurasa wetu wa usalama na afya hautasema juu ya kofia wala viatu vya chuma. Juu ya hayo tumesema mara nyingi, na mwenye kusikia amesikia. Leo tutasema juu ya kaye. Ile kaye yenye jalada gumu, iliyofungwa kwa kamba kwenye meza ya nyumba ya pompi, ambamo kila zamu inaandika kina cha maji, joto la mashini, saa ilizofanya kazi, kisha jina na sahihi. Wengi wetu tunaiona kama kodi ya kulipa kabla ya kurudi nyumbani. Maoni yangu ni kwamba kaye ile ina bei, na bei yake inaweza kuhesabiwa kwa dola na kwa franga kama tunavyohesabu mazuti au simenti. Nitajaribu kukuonyesha.

Mama anaijua kazi hii kuliko sisi wa shimoni. Kila mwezi anampeleka mtoto kupimwa. Muuguzi anamtia kwenye mzani, mtoto analia, alama inatiwa kwenye kadi. Kilo saba na nusu: namba hiyo peke yake haisemi mengi. Lakini alama ya mwezi huu ikiwa chini ya ile ya mwezi uliopita, muuguzi anamwita mama pembeni. Mtoto bado anacheza, miguu haijavimba, nywele bado nyeusi, majirani hawajaona kitu. Kadi imekwisha kuona. Siku ile dawa ni uji mzito wenye soya, yai, sambaza za ziwani. Ukingoja mpaka macho yaone, dawa ni kitanda cha hospitali, na baba anaomba ruhusa kazini, na watoto wengine wanabaki nyumbani na njaa. Mtoto ni yule yule, ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni siku uliyojua.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe, usije ukafikiri ninakuhubiria kutoka juu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya pompi katika mgodi mmoja wa kasiterite. Kompani sitaitaja. Kupima joto la pompi ya chini ilibidi kushuka ngazi ya chuma ya mita kumi na tano, gizani, maji yakikudondokea shingoni. Usiku mmoja wa mvua kubwa sikushuka. Nilitazama namba ya mwenzangu wa zamu iliyotangulia, 62, nikaandika 62. Kesho yake tena 62. Wiki ile ile, saa tisa ya usiku, pompi ilikwama. Maji yakapanda. Watu wa chini walitoka wote, Mungu asifiwe, lakini mmoja alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na tangu siku ile anatembea kwa fimbo. Shimo lilifungwa siku kumi na sita. Primu ya mwezi ilipotea kwa wote, hata kwa mafundi wa karakana ambao hawakuwa na kosa lolote.

Injenieri alipofika hakupiga kelele. Alifungua kaye, akapitisha kidole chini ya namba: 62, 62, 62, zamu tisa mfululizo, kwa mikono minne tofauti. Kumbe mwenzangu naye alikuwa amenakili, na aliyemtangulia vilevile. Injenieri akauliza neno moja tu: «Joto lilianza kupanda siku gani?» Hakuna aliyeweza kumjibu. Kama tungaliacha ukurasa mtupu, angalau kapita angaliuliza kwa nini uko mtupu. Sisi tuliujaza, naye alipopita alitia sahihi akaenda zake.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano, kila mgodi una zake. Tuseme kubadili beringi za pompi, pamoja na kazi ya fundi, ni dola 200. Pompi nzima ni dola 6,000. Shimo likisimama siku moja, kompani inapoteza dola 10,000.

Ukingoja pompi ife yenyewe, unalipa pompi mpya na siku za kusimama. Ikiwa ni siku tano tu, jumla ni dola 56,000. Mtu mwoga atasema: basi tubadili beringi kila mwezi bila kuuliza. Hiyo ni dola 2,400 kwa mwaka, na unatupa vyuma vizuri ambavyo bado vingalifanya kazi, na kila mara unapofungua mashini nzima unaweza kuingiza mchanga ambao haukuwamo. Njia ya tatu ni kununua kipimo cha joto cha dola 50, kukisoma kila zamu, na kubadili beringi joto linapoanza kupanda na kukataa kushuka. Tuseme inatokea mara mbili kwa mwaka. Dola 400 na 50 za kipimo, jumla 450. Usisahau dakika za msomaji: dakika tano kwa zamu, zamu tatu kwa siku, mwaka mzima ni saa 91 na robo. Nazo ni mshahara, zitie katika hesabu. Hata ukizitia, mtoto wa darasa la nne atakuambia njia ipi inakula franga kidogo.

Angalia vizuri mali inatoka wapi katika hesabu ile. Kipimo hakikutengeneza kitu. Hakikuinua hata ndoo moja ya maji. Kilichofanya ni kumwambia mtu siku ya kutengeneza. Bei yake ni tofauti kati ya gharama ya yule aliyeamua akijua na gharama ya yule aliyeamua bila kujua.

Na hapo ndipo nitawaudhi wakubwa kidogo. Kama namba haibadilishi uamuzi wa mtu yeyote, haina bei, hata kama chombo chake kimetoka Ulaya katika sanduku la pamba. Nimewahi kuona kaye yenye safu kumi na nne. Kati ya hizo, nne tu zilikuwa na mtu wa kuzisoma. Nyingine ziliongezwa na kila mkubwa aliyepita, na hakuna aliyeondoa ya mwenzake. Mfanyakazi anayejaza safu kumi ambazo anajua hazisomwi na mtu ataanza kunakili, na akishazoea kunakili kumi, ataziweka na zile nne pamoja. Kwa hiyo uliza juu ya kila safu: namba hii ikipanda, nani atafanya nini? Jibu likipatikana, liandikwe palepale juu ya safu: «Ikifika 75 simamisha pompi, mwite fundi.» Jibu lisipopatikana, futa safu. Kaye yenye safu nne zenye majibu inashinda ile ya kumi na nne.

Sasa toka nje ya nyumba ya pompi, uangalie kaskazini ya mji wetu wa Goma. Pale juu, mita 3,470, Nyiragongo inatoa moshi, na usiku mara nyingine wingu lake ni jekundu. Tunaishi kando ya tanuru ambayo hakuna fundi wa kuizima. Hatuwezi kuitengeneza. Lakini barabara, mabomba ya maji, nguzo za umeme, kiwanja cha ndege na nyumba zetu ziko chini yake, na kila siku mtu anaamua wapi pa kujenga, nini cha kutengeneza kwanza, na lini watu watoke. Basi mlima nao una kaye yake. Inaandikwa na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, tunachokiita OVG, ambacho mizizi yake iko katika kituo cha sayansi cha Lwiro, Kivu ya Kusini.

Wazee wanakumbuka tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima lilitoka kwa nyufa za ubavuni na kumalizika kwa muda usiofika saa moja, na lava ilikimbia kuliko motokari katika barabara mbaya. Halafu tarehe 17 Januari 2002 ubavu ulifunguka tena. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Wakati ule, mlima mzima na mwenzake Nyamulagira vilisikilizwa na vituo viwili tu vya mitetemo. Hebu fikiri: mgodi wako una mashimo ishirini, na kipimo cha hewa katika mawili.

Baada ya 2002 kazi iliongezeka. Misaada ilikuja, vyombo vilikuja, na katika miaka ya 2010 wachunguzi wetu pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Luxembourg waliweka vituo vipya vya mitetemo kuzunguka ziwa na milima. Mjini tuliwekewa vibao vya rangi: kijani, manjano, machungwa, nyekundu. Ndiyo maneno yale ya «nani atafanya nini» niliyosema kwa pompi, yameandikwa kwa mji mzima.

Kisha pesa zilikwisha. Mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulifika mwisho mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa vipimo vya mbali havikuweza kufika biro kwa kukosa malipo ya intaneti. Mawasiliano yalirudi Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ilifunguka. Watu wapata 32 walikufa. Vijiji vya kaskazini ya mji viliunguzwa, barabara ya Goma–Rutshuru ilikatwa, na maharagwe na kabichi za sokoni zikapanda bei. Tangi kubwa la maji na mabomba yake viliharibiwa, na Madaktari Wasio na Mipaka walisema watu wapata nusu milioni hawana maji safi. Lava ilisimama karibu na kiwanja cha ndege.

Hapa wengi husema: mnaona, kwa sababu ya franga kidogo za intaneti mji uliungua. Neno hilo ni tamu, na lingenisaidia katika makala hii. Lakini lazima niseme kweli yote. Wanasayansi waliochunguza jambo hili, pamoja na wa OVG, walitangaza mwaka 2022 kwamba mara ile mlima haukutoa dalili wazi siku nyingi mbele. Mitetemo yenye maana ilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Kwa hiyo hata kama kila chombo kingalikuwa kinafanya kazi, hatungalijua tangu Jumatatu kwamba Jumamosi ni siku yake. Anayekuahidi kwamba kipimo kitakuambia kila kitu kabla hakijatokea anakudanganya, na siku kitakaponyamaza utakitupa, nawe utakuwa umetupa kitu kizuri kwa sababu ya ahadi mbaya.

Basi vipimo vilifaa nini mwaka 2021? Fuata siku zilizofuata. Lava ilisimama Jumapili asubuhi, watu wakaanza kurudi na magodoro yao. Kwa macho mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutikisika, kuta zikapasuka, na vyombo pamoja na picha za setilaiti vilionyesha kwamba moto ulikuwa unasafiri chini ya mji kuelekea chini ya ziwa. Alhamisi tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru kata 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Watu wapata 400,000 walitoka: wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kuelekea Bukavu. Unakumbuka. Labda wewe mwenyewe ulibeba mtoto mgongoni na jiko kichwani.

Moto ule haukutoka chini ya mji. Hapo tena wengi walisema: tulikimbizwa bure. Nami nililala nje siku zile, najua bei yake. Kuna wagonjwa waliotolewa vitandani, kuna nyumba zilizoibwa, kuna watoto waliopotezana na mama zao njiani. Bei ile ilikuwa nzito na sitaiita ndogo. Lakini uamuzi unapimwa kwa yale yaliyojulikana siku ile. Kumwambia mtu abaki katika nyumba ambayo chini yake moto unatembea, kwa kuwa pengine hautatoka, ni kucheza karata na watoto wa watu.

Na kuna upande wa pili ambao watu hawausemi. Tulirudi lini? Mwezi wa Juni, mitetemo ilipopungua siku kwa siku, serikali ikaruhusu watu kurudi kwa awamu. Bila vyombo, nani angalithubutu kusema rudini? Tungalirudi kila mtu kwa moyo wake, wengine mapema mno, wengine kwa kuchelewa miezi, na maduka, shule, hospitali na karakana zingalikaa zimefungwa kwa hofu tu. Kila siku ambayo watu 400,000 wako mbali na kazi zao ni mali inayopotea. Namba iliyosaidia kufupisha siku zile ililipa sehemu kubwa ya bei ya vyombo, na hakuna aliyeiandika katika hesabu. Hata shimoni ni hivyo. Tunapenda kusema kipimo cha hewa kinakutoa. Sema pia kwamba kinakurudisha, badala ya zamu nzima kukaa juu saa sita kwa kubahatisha.

Juu ya ile miezi bila intaneti, hasara yake mimi naiona mahali pengine. Mchunguzi akitaka kujua kama leo mlima una homa, lazima ajue joto lake la kila siku wakati wa afya. Mwaka baada ya mwaka, bila kuruka. Miezi ikikosekana, hakuna pesa itakayoirudisha hata ukilipa mara kumi. Ndiyo kadi ya mtoto yenye miezi mitatu mitupu: unampima leo, kilo nane, na hujui kama anapanda au anashuka.

Neno lingine: vyombo vya kupima navyo ni mashini, vinataka kutunzwa. Juu ya mlima kituo cha mitetemo kinataka batri, sahani ya jua, uzio, mlinzi, na mtu wa kupanda na kukisafisha. Batri na sahani za jua zinapendwa na wezi. Katika bajeti nyingi, za serikali na za kompani, kuna mstari wa kununua chombo na hakuna mstari wa kukitunza. Siku ya kukizindua kuna picha na hotuba. Miaka miwili baadaye batri imekufa, na chombo kinaning'inia pale kama pambo. Kwa maoni yangu, kompani isinunue kipimo chochote kabla ya kuonyesha nani atalipa batri ya mwaka wa tatu.

Nasema hivi nikikumbuka mazuku. Kila mtoto wa Goma na Sake anaijua: hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayolala mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani hapandi tena. Mama, usimruhusu mtoto kucheza wala kujisaidia katika shimo ambalo wazee wamelikataza. Baba, ndugu yake mazuku anakaa katika mashimo ya mgodi yaliyoachwa bila hewa kupita. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa walishuka na ndege mdogo katika kizimba, naye alilegea kabla ya mtu kulegea. Waliacha desturi ile katika miaka ya 1980 walipopata vipimo vya umeme. Ndege alikuwa na faida moja: ukimsahau bila chakula unamwona amekufa. Kipimo cha mkanda chenye batri iliyokufa kinafanana kabisa na kile kizima. Kiwashe, kisikie kinalia, ndipo ushuke.

Nirudi kwenye kazi yetu, maana kuna kitu kimoja ambacho kaye yake inanisumbua usingizi: bwawa la tope la mgodi. Pompi ikifa, shimo linajaa. Bwawa likifa, linachukua watu. Ng'ambo ya mpaka wa Katanga, huko Mufulira nchini Zambia, tarehe 25 Septemba 1970 tope la bwawa lilipasua ardhi likaingia ndani ya mgodi uliokuwa chini yake. Wachimbaji 89 wa zamu ya usiku walikufa. Na huko Brazil, Brumadinho, tarehe 25 Januari 2019 bwawa la kompani ya Vale lilivunjika mchana wakati wa chakula. Watu 270 walikufa, wengi wao wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa biro na nyumba ya kulia chakula vilikuwa chini ya bwawa. Bwawa lile lilikuwa na vyombo vya kupima maji ndani ya ukuta. Lilikuwa pia na karatasi iliyotiwa sahihi miezi michache kabla, inayosema kwamba ni imara. Mwaka 2021 kompani ilikubali kulipa real bilioni 37.7 za Brazil, kama dola bilioni saba. Kwa pesa zile ungenunua vipimo vya maji vya mabwawa yote ya Afrika ukabakiza, na nyumba ya chakula ungeihamisha kilimani kwa mshahara wa siku chache wa maseremala.

Kwa hiyo mtu wa bwawa, ninakuomba zaidi ya wengine. Maji ndani ya mrija yakipanda kuliko wiki iliyopita, maji yanayotoka mguuni mwa ukuta yakibadilika kutoka meupe kuwa ya udongo, ufa mdogo ukionekana juu, usiandike tu ukaondoka. Mwite kapita aje aone kwa macho yake, na uandike saa uliyomwita.

Na kapita, neno lako liko hapa. Kwa nini watu wanaandika 62? Uvivu upo, sikatai, mimi mwenyewe nilikuwa mvivu usiku ule. Lakini nimeona pia kijana aliyeleta namba mbaya akafokewa mbele ya wenzake, kana kwamba yeye ndiye aliyeipasha mashini moto. Zamu iliyofuata alileta namba nzuri, na zamu zote baada ya hiyo. Ukitaka kaye ya kweli, mpe mkono anayekuja na habari mbaya, na adhabu iweke kwa aliyenakili. Tena dakika za kupima ziwe ndani ya saa za kazi. Kompani inayomtaka mtu ashuke ngazi ya mita kumi na tano baada ya kengele, bila malipo, isishangae ikipata namba zinazofanana. Delege wetu walipeleke jambo hili kwenye mkutano, na wasiliache mlangoni.

Kuna kitu kidogo cha mwisho ambacho hakihitaji mkutano. Juma lijalo ukiingia zamu, rudisha kurasa za kaye mwezi mzima nyuma. Tazama kama kuna safu ambayo namba yake haijabadilika hata mara moja. Mashini nzima hupanda na kushuka kidogo, kama mtu anavyopumua. Ukiikuta safu ile, usitafute nani wa kulaumiwa. Shuka ngazi, usome kipimo mwenyewe, uandike utakachokiona. Na tundika kalamu mbili kwenye ile meza, maana moja huondoka daima na mtu wa zamu ya usiku.